Mti wa Jirani wa Juu

Katika kata ya Mhezi, kwenye milima ya Upare Kusini wilayani Same, jirani hakai ubavuni tu. Mara nyingi yuko juu yako au chini yako. Mashamba yamekaa kwa ngazi kwenye mteremko, na mpaka kati ya kaya mbili waweza kuwa ukingo wa mawe unaofika gotini, juu yake pamesimama migrevilea michache, mkaratusi au mparachichi, na pembeni kichaka cha masale. Mvua ya masika ikilowesha udongo na upepo ukavuma, mti wa juu hauangukii shamba la mwenyewe. Unalala chini, kwenye migomba na maharage ya mwenzake, pengine juu ya bati la jiko au banda la ng'ombe. Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi: wa juu amepata kuni, kivuli na tumaini la mbao kwa miaka mingi, na wa chini amelala chini ya hatari kwa miaka hiyo hiyo, bila kupata kitu zaidi ya majani makavu.

Tena mti wa mpakani hauanguki peke yake. Uking'oka na mizizi, hunyanyua bonge la udongo na kuburuta mawe ya ukingo, na masale yaliyokuwa hapo huenda pamoja nayo. Isale ni mmea ambao watu wa Upare na Uchagani wameupanda mipakani tangu enzi za mababu. Mwanaanthropolojia Michael Sheridan, aliyefanya utafiti Upare Kaskazini, ameandika kwa kirefu jinsi mmea huo unavyobeba mambo ya ardhi na ya mahusiano kwa pamoja. Alama hiyo ikipotea, ugomvi mmoja unazaa wa pili. Jana mlibishana juu ya gogo, leo mnabishana mpaka ulipita wapi, na kila mmoja anaukumbuka umepita upande unaompendelea. Kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya mti kuanguka, hata kabla ya kushika panga, ni kuita mashahidi waione sehemu ile ikiwa bado mbichi, shimo likiwa wazi na mawe yakiwa pale yalipomwagikia. Picha ya simu inayoonyesha shimo, ukingo uliobaki na nyumba iliyo karibu itakuja kuokoa maneno mengi.

Swali linaloulizwa upesi ni hili: nani alipe? Wengi hudhani jibu limo katika umiliki, kwamba mti ni wako basi hasara ni yako. Sheria haiendi hivyo. Sheria yetu ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inaruhusu mahakama za Tanzania kutumia kanuni za sheria ya Uingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri hali ya nchi inavyokubali, na maamuzi yaliyofuata huko hutazamwa kama mwongozo. Kanuni hizo zinauliza mwenye mti alijua nini, au alipaswa kujua nini, kabla mti haujaanguka. Mwaka 1950, katika shauri la mti mkubwa ulioangukia gari jijini London, wenye mti hawakutozwa chochote, kwa sababu ugonjwa ulikuwa mizizini na hakuna aliyeweza kuuona kwa nje. Lakini mambo yalikwenda kinyume katika shauri la Goldman na Hargrave, lililotoka Australia Magharibi. Mwezi Februari 1961 radi ilipiga mti mrefu na kuuwasha. Mwenye shamba akaukata, halafu akauacha uendelee kuungua chini wakati angeweza kuumwagia maji. Siku chache baadaye upepo ulizidi nguvu, moto ukavuka mpaka na kuteketeza mali za majirani. Radi hakuileta yeye, lakini alitakiwa kulipa, kwa kuwa hatari aliijua na dawa yake ilikuwa ndani ya uwezo wake.

Kutokana na hayo nasema waziwazi kwamba shauri la mti ulioanguka huamuliwa wakati mti ungali umesimama. Ufa wa udongo upande wa juu wa shina, uyoga unaoota kwenye kitako chake, tawi kubwa lililokauka, shina linalolia kama ngoma likigongwa, mizizi iliyokatwa na mtu aliyekuwa akichimba tuta au njia: hizo ni dalili ambazo mkulima yeyote wa Mhezi anaziona kabla ya mtaalamu. Jirani wa chini akiziona akanyamaza, anajinyima ushahidi wake mwenyewe. Akimwambia mwenye mti mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, kisha tarehe ikaandikwa, basi kuanzia siku hiyo mwenye mti hawezi tena kusema hakujua.

Kuna watakaojibu kwamba upepo ni wa Mungu na hakuna wa kumshitaki. Ni kweli kwa mti mzima uliong'olewa na dhoruba isiyo ya kawaida, na katika hali hiyo anayedai fidia anamdai mwenzake bure. Lakini upepo ule ule huipita miti mia na kuangusha mmoja, na mmoja huo mara nyingi ulikuwa umeshatoa dalili. Milima hii imetufunza vya kutosha: mwezi Novemba 2009 maporomoko ya udongo huko Mamba Miamba, wilayani Same, yaliua watu wasiopungua 20. Katika ardhi inayotembea namna hiyo, kumwachia Mungu kazi tuliyoweza kuifanya kwa kamba na msumeno ni kuwaonea walio chini.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini. Mama mjane aliyeachiwa mkaratusi na marehemu mumewe atapata wapi fedha za kumlipa mwenye msumeno wa mashine, tena kwenye mteremko ambapo mti lazima ufungwe kamba na kushushwa vipande vipande? Shauri la Australia lenyewe lilizingatia jambo hilo: wajibu wa mwenye ardhi hupimwa kwa uwezo wake, na asiye na uwezo anaweza kutimiza wajibu kwa kufanya anachoweza na kumwita jirani mapema asaidie. Upareni tuna njia iliyo nzuri kuliko hiyo. Msaragambo, ile kazi ya pamoja inayochimba mifereji na kutengeneza barabara, haushindwi na mti mmoja. Jirani wa chini atoe nguvu, wa juu atoe mti, na kuni zigawanywe kwa makubaliano. Kabla ya kukata waulize ofisi ya kijiji au afisa misitu kuhusu kibali, maana Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inalinda baadhi ya miti. Wala isidhaniwe kwamba nahimiza kufyeka mipaka. Mizizi mizima ndiyo inayoshika kingo zile, na mara nyingi kupunguza matawi kunatosha.

Wengine wanaona kuandikiana ni kuvunja ujirani. Naielewa hofu hiyo, kwa sababu karatasi ikitangulia salamu huonekana kama mashitaka. Basi salamu itangulie. Mtu aende mwenyewe asubuhi, abishe hodi, aseme, "Mzee wangu, ule mti wa pale ukingoni unanitia hofu, twende tukautazame wote." Karatasi ifuate baada ya kutazama, ikiwa na majina ya wote wawili, ili imlinde hata mwenye mti siku jirani atakapodai zaidi ya kilichoharibika.

Kosa linalowaponza wengi hutokea baada ya mti kuanguka. Mwenye shamba lililoharibiwa, kwa hasira, analikata gogo, anachoma mkaa au anauza mbao, akiamini kilicholala kwake ni chake. Mwaka 1919 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la mtu aliyechuma matunda kwenye matawi ya mtufaha yaliyoingia kwake kisha akayauza. Kuyakata matawi alikuwa na haki, lakini matunda yalibaki mali ya mwenye mti, naye akatakiwa kulipa. Gogo nalo lina mwenyewe. Anayeliuza kabla ya kuzungumza amegeuka kutoka mdai kuwa mdaiwa, na kilio chake cha migomba iliyovunjika kinapoteza nusu ya uzito.

Mazungumzo yakishindikana, sheria yenyewe inawarudisha nyumbani kwanza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliweka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, baraza la kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Linapatanisha, na siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji yuko huru kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuna wanaolalamika kwamba mabaraza yamenyang'anywa meno. Kwa mambo ya miti nadhani ni afadhali hivyo, kwa kuwa hukumu inaweza kutaja fedha, lakini haiwezi kuinua ukingo wa mawe. Wajumbe wanaofika ukingoni wanaweza kupatanisha mambo manne kwa siku moja: gogo liondolewe na nani na kwa muda gani, migomba ilipwe kwa fedha au kwa kuni, mawe yapangwe upya na watu wa pande zote mbili, na isale lipandwe tena pale shimo lilipofukiwa, wote wakiwa wamesimama wanatazama.