Mafuta Hayakuuliza Nani Anaswali

Safari hii nimeulizwa nikiwa nimeshika sahani ya pilau harusini. "Mwalimu, wewe unasema dini haileti utajiri. Saudia je?" Muulizaji akawageukia wenzake kama aliyefunga bao dakika ya tisini, na pilau yangu ikapoa. Nafundisha historia ya uchumi. Swali hili nimelijibu darasani, kwenye daladala, msibani, na mara moja kwa kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Leo naliandikia kabisa, ili mwingine akiniuliza nimpe ukurasa huu niendelee kula.

Hoja ya wanaoniuliza ni hii: Mungu aliwapa Wasaudi mafuta kwa sababu wanalinda Makka na Madina. Kwa hiyo ukizidisha ibada, mfuko nao utajaa.

Tuanze na ramani. Makka, Madina na Jeddah ziko Hijazi, upande wa Bahari ya Shamu. Mafuta yako upande wa pili wa nchi, Mkoa wa Mashariki, kando ya Ghuba, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Al-Kaaba. Tena Katif na Al-Ahsa, katika mkoa huohuo wa mafuta, ndiko waliko Mashia wengi wa Saudia, watu ambao wanazuoni wa Najd, ukanda wa Riyadh, kwa vizazi vingi waliwahesabu kuwa wamepotoka. Kama mafuta ni zawadi ya itikadi ya Riyadh, basi mwenye hoja hii anatuambia Mungu alikosea anwani. Sidhani kama hilo ndilo alilokusudia kulisema.

Sasa kalenda. Mtawala Muhammad bin Saud na mwanazuoni Sheikh Muhammad bin Abdul-Wahhab walipatana kuunganisha utawala na itikadi hiyo pale Diriyah, ubavuni mwa Riyadh ya leo, mwaka 1744. Kisima cha Dammam kilitoa mafuta mwaka 1938. Katikati hapo kuna miaka 194 ya tende, maziwa ya ngamia, ukame na vita. Abdulaziz, mwanzilishi wa ufalme wa leo, alipoiteka ngome ya Masmak mjini Riyadh mwaka 1902, aliuteka mji wa udongo uliozungukwa na mitende. Watu wake walikuwa wanaswali, wanafunga, na wana njaa.

Miaka hiyohiyo Waarabu wa Kishihiri na wa Kimanga walikuwa wanapanda majahazi kuja Unguja, Mombasa na Lamu kutafuta riziki. Bara Arabu ndiyo iliyokuwa inatuma vijana wake ughaibuni, na ughaibuni kwenyewe ni kwetu. Babu zetu waliinunua kahawa ya Mshihiri kibarazani bila kumuuliza amemkosea nini Mola hata akaja na birika mkononi. Wala karafuu za Pemba hakuna aliyezihesabu kuwa ni malipo ya swala za Wapemba.

Dini na pesa zilikutana kweli Saudia, ila si kwa njia anayoifikiria muulizaji wangu. Kabla ya mafuta, hazina ya mfalme ilitegemea sana mahujaji walioshukia Jeddah. Mwishoni mwa miaka ya 1920 walifika takribani 100,000 kwa mwaka. Ukaja mdororo wa uchumi duniani, na kufikia 1933 wakabaki kama 20,000. Mkulima wa Java, Indonesia, alikosa soko la mazao yake, asiende Hija. Imani yake ilikuwa palepale. Kilichokosekana ni nauli.

Ufalme ulikuwa umekauka mfukoni. Mei 1933, katika Kasri la Khuzam mjini Jeddah, waziri wa fedha Abdullah al-Sulaiman alitia saini mkataba na kampuni ya Kimarekani ya Standard Oil of California. Malipo ya kwanza, sarafu 35,000 za dhahabu, yalihesabiwa moja moja katika tawi la benki ya Kiholanzi mjini Jeddah, benki iliyokuwa hapo kwa ajili ya mahujaji wa kutoka Indonesia. Kisha Wamarekani wakachimba Dammam. Visima sita vya mwanzo havikuleta cha maana. Cha saba kilishuka mita 1,440, na Machi 1938 mafuta yakatoka, katika mwamba wa chokaa uliofanyika zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita, kabla hajakuwapo mtu wa kuswali wala wa kuacha kuswali.

Ukitaka nje ya Arabuni, nenda Norway. Mafuta ya Ekofisk yaligunduliwa mwaka 1969, na makanisa ya huko Jumapili huwa na nafasi tele. Au baki nyumbani. Wilaya ya Kilwa ina Msikiti Mkuu wa tangu enzi za masultani wake, na ina gesi ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974. Sijasikia mtu akisema Wakilwa wamelipwa gesi kwa ajili ya msikiti. Tukifika Kilwa tunauliza ya maana: mkataba unasemaje, bomba linaelekea wapi, halmashauri inapata nini. Tukifika Riyadh akili hiyo tunaivua mlangoni pamoja na viatu.

Na dini yenyewe haisemi hivyo. Surat al-Fajr ya Kurani inamkosoa mtu anayedhani kuwa akineemeshwa ameheshimiwa na akibanwa riziki amedhalilishwa. Karuni alikuwa tajiri, akamezwa na ardhi na hazina zake. Ayubu aliondokewa na kila kitu naye ni nabii. Anayehubiri kwamba mali ni cheti cha uchamungu hana ugomvi na mimi mchumi. Akagombane na kitabu chake.

Ushahidi mwingine ulio hai uko ndani ya nyumba moja mjini Riyadh. Jikoni yuko binti wa Mombasa au Tanga, sebuleni yuko bibi mwenye nyumba. Wote wanaelekea kibla kimoja, na mwezi wa Ramadhani binti ndiye anayeamka kwanza kupika daku. Yeye analipwa kama riali 1,000 kwa mwezi. Kinachowatenga ni uraia na mkataba. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 32.2 Saudia, na zaidi ya asilimia 41 ni wageni, wengi wao Waislamu. Kama ibada ndiyo ingegawa mapato, takwimu za mishahara za nchi ile zingesomeka vingine kabisa.

Hapa ndipo subira inaponiishia. Binti yule anamtumia mama yake pesa. Mama anazimega na kumpelekea "shehe" wa kwenye simu anayeuza uradi wa kuvuta riziki, ili binti abarikiwe. Jirani yake Mkristo anapeleka zake kwa mchungaji "kupanda mbegu" na kununua mafuta ya upako. Wauzaji wote wawili wana ushahidi mmoja: tajiri anayeswali. Hawataji maskini anayeswali, kwa kuwa huyo ndiye mteja. Na dawa isipofanya kazi, mgonjwa anaambiwa imani yake haba, aongeze dozi. Mimi nikiuza mbolea ya namna hiyo, wakulima watanipeleka polisi.

Wapo pia wanaoigeuza hoja upande wa pili: eti utajiri unaua dini. Nao waitazame Saudia kwa utulivu. Novemba 1979, pesa za mafuta zikimiminika, wenye silaha wakiongozwa na Juhayman al-Utaybi waliuteka Msikiti Mtukufu wa Makka wakilaani upotovu wa watawala. Walishindwa, lakini serikali ikatumia pesa hizohizo kuwapa wanazuoni nguvu zaidi. Januari 2016 bei ya pipa la mafuta ilishuka chini ya dola 30. Aprili mwaka huohuo polisi wa dini wakanyang'anywa mamlaka ya kukamata watu, na 2018 sinema ikafunguliwa Riyadh. Pesa zilipojaa kamba ilikazwa, zilipopungua ililegezwa. Mfuko wa serikali unaweza kubadili nani analipwa kuhubiri na nani anafungiwa duka. Kilichomo moyoni mwa mtu hakimo katika bajeti, na sijifanyi kukipima.

Hata serikali ya Saudia yenyewe haitegemei uradi. Julai 2020, mafuta yakiwa yameporomoka na Hija imefungwa kwa mahujaji wa nje, Riyadh ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 5 hadi 15.

Sasa yale mnayoniuliza kila mara, haraka haraka. Akiba yako ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikatimiza mwaka, toa zaka asilimia 2.5, ni haki ya maskini, usiihesabu kama uwekezaji. Hutaki riba? Benki za Kiislamu zipo Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Soma masharti kama unavyosoma ya benki nyingine. Kikoba chenye daftari lililo wazi ni bora kuliko kisomo chenye bei. Binti anakwenda Saudia? Mkataba uwe umesajiliwa Musaned, mfumo wa Saudia wa mikataba ya kazi za nyumbani, nakala ibaki nyumbani, namba ya ubalozi mjini Riyadh aikariri. Pesa anazotuma ziingie katika akaunti yenye jina lake. Anayetaka malipo kwanza ndipo akuombee, mwambie aombe kwanza, utalipa riziki ikifika.

Na ukinikuta harusini, niulize kwa nini mchele umepanda bei. Hilo nitalijibu hata pilau ikipoa.