Kazi Isiyokwisha Jioni: Mswada wa Kenya na Wajibu wa Mwajiri

Sheria ya Ajira ya Kenya ilitungwa mwaka 2007, kabla simu ya mkononi haijawa ofisi ya pili ya mfanyakazi. Sheria hiyo inamtaka mwajiri apange saa za kazi na ampe mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Amri ya jumla ya mishahara nayo inaweka kikomo cha saa 52 kwa wiki ya kawaida. Muda wa ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa saa, na mara mbili ikiwa ni siku ya mapumziko au sikukuu. Kuhusu ujumbe wa bosi unaoingia saa nne usiku na kudai jibu kabla ya asubuhi, sheria iko kimya.

Pengo hilo ndilo Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alilokusudia kuliziba kwa Mswada wa Ajira (Marekebisho) wa 2022. Mswada ulipendekeza kwamba mfanyakazi asilazimike kujibu simu, barua pepe wala ujumbe wa kikazi nje ya saa alizokubaliana na mwajiri, na asiadhibiwe kwa kunyamaza. Akiamua kujibu, alipwe fidia. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi angetakiwa kushauriana nao, kisha kuandika sera inayoeleza haki hiyo itakavyotekelezwa. Adhabu iliyopendekezwa ilikuwa faini ya hadi shilingi 500,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Shirikisho la Waajiri Kenya liliupinga mswada huo. Wasiwasi mmoja una msingi: wapo wanaowahudumia wateja wa Marekani, na kwao mchana wa mteja ni usiku wa Nairobi. Lakini kazi ya namna hiyo inaweza kupangwa kwa zamu, na zamu ikalipwa. Kinachoumiza ni kazi isiyo na zamu wala malipo, inayoingia kwenye chakula cha jioni kana kwamba ni fadhila tu.

Nchi nyingine zimeshalijaribu jambo hili kwa viwango tofauti. Ufaransa, tangu 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zilijadili na vyama vya wafanyakazi. Jimbo la Ontario nchini Kanada liliridhika na kuwadai waajiri wenye watu 25 au zaidi sera ya maandishi, bila kuunda haki mpya ya kutojibu. Australia ilikwenda mbali zaidi mwaka 2024: mfanyakazi anaruhusiwa kukataa mawasiliano, isipokuwa pale ambapo kukataa si jambo la busara.

Mwajiri wa Kenya hana sababu ya kusubiri Bunge. Chini ya sheria iliyopo, asipoweza kutoa mkataba wa maandishi mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Kwa hiyo mkataba unapaswa kutaja saa za kazi, nani anaweza kupigiwa usiku, dharura ni nini hasa, na muda huo utalipwaje. Rekodi za muda wa ziada zihesabu pia saa zilizofanywa nyumbani. Wasimamizi nao wafahamishwe kwamba agizo lililotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp Jumapili ni agizo la kazi, na linaweza kuwa ushahidi mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.