Maswali ya Mlangoni

Kwenye begi langu kulikuwa na sampuli tatu za vitambaa vya sare ya harusi. Kamati ilishakaa vikao viwili Dar, ukumbi umelipiwa nusu, na mimi nilikuwa nimechukua likizo kumfuata mchumba wangu anayesoma Delhi ili tumalizie mipango. Yeye akasema, "Kwanza nikupeleke Nalanda." Ndiyo nini hiyo? "Utaona."

Tukapanda treni ya usiku mpaka Patna, mji mkuu wa jimbo la Bihar, halafu gari kwa kilomita kama 90. Nilikuwa nanuna kimoyomoyo. Nani anamtoa mchumba wake Dar kwenda kutazama matofali?

Lakini wee, matofali hayo! Mekundu, kuta nene ajabu. Kuna njia ndefu katikati: upande mmoja mabweni ya watawa wa Kibudha, upande wa pili mahekalu yao. Makao haya yalianzishwa karne ya 5, enzi za mfalme Kumaragupta, yakawa pia chuo kikubwa kwa miaka kama 700. Wanafunzi walitoka hadi China na Tibet. Yaliteketezwa kwenye miaka ya 1200, na masimulizi yanasema maktaba iliungua kwa miezi. Mwaka 2016 UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia.

Kila bweni lina ua, na vyumba vidogo vimeuzunguka kama nyumba zetu za Kariakoo. Nikaingia kimoja, nikaona kishimo ukutani cha kuwekea taa. Nikawaza kijana wa watu, mbali na kwao, anakesha na kitabu.

Mzee aliyekuwa anatutembeza akatusimulia habari za Xuanzang, mtawa kutoka China aliyefika karne ya 7. Aliacha nyumbani kwao miaka kama 16, na hapa akasoma karibu 5. Yeye ndiye aliyeandika kwamba getini walikaa wasomi wenye maswali magumu. Ukishindwa kujibu, unarudi ulikotoka, na wengi walirudi. "Maswali yalikuwa kabla ya kuingia," mzee akasema, "siyo baada."

Sentensi hiyo ilinichoma. Tulipokaa kivulini nikamgeukia mwenzangu. "Kuna kitu hujaniambia?"

Akainamia viatu vyake. "Nimepata nafasi ya kuendelea na udaktari. Miaka minne."

"Tangu lini unajua?"

"Mwezi wa tatu."

Ilikuwa Novemba! Miezi minane tunaongelea keki na ukumbi. "Niliogopa utaghairi," akasema. Nilitaka kupiga kelele, ila na mimi nilikuwa na langu. Nina mkopo benki wa kumsomesha mdogo wangu, makato bado miaka mitatu, na sikuwahi kulitaja. Nikalitoa pale pale. Tukakaa kimya mpaka mzee akaja kutuambia tuondoke.

Usiku, Patna, nilimpigia baba mdogo, mwenyekiti wa kamati.

"Shikamoo baba. Naomba kadi zisisambazwe kwanza."

"Marahaba. Mwanangu, watu wameshaanza kuchanga!"

"Najua, baba. Bora wasubiri."

Msomaji, kama na wewe uko kwenye vikao, jiulizeni haya kabla ya kuchagua rangi za sare: Tutaishi wapi, na nani atamfuata mwenzake? Nani anadaiwa nini? Ni ndugu gani tunawabeba, na mpaka lini? Haya siyo maswali ya fungate.

Na mkipata nafasi ya kwenda Nalanda, Novemba ni mwezi mzuri. Desemba na Januari ukungu huchelewesha treni, na kuanzia Aprili jua ni kali mno. Vaeni viatu vya kutembelea na mbebe maji.

Sisi tarehe tumeisogeza mwaka mzima. Mwenzangu anaanza udaktari, mimi namalizia makato mengi niwezavyo. Vitambaa viko kabatini. Baba mdogo bado amenuna, lakini simu zetu za usiku siku hizi hazina keki ndani yake. Tunaongea.