Nani Aliimba? Miradi ya Wanafunzi katika Hifadhidata ya MusicBrainz

Diski ya CD, kama ilivyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilibeba sauti pamoja na mpangilio wa nyimbo, lakini aghalabu haikubeba majina. Kompyuta iliyoisoma iliweza kujua kwamba ndani mna nyimbo 12 na kila mmoja una urefu gani. Haikuweza kujua nani aliimba. Mwaka 1993 watunzi wa programu walianzisha CDDB, orodha iliyotambua diski kwa kulinganisha urefu wa nyimbo zake. Majina yenyewe yaliandikwa na wasikilizaji, bila malipo, kila mtu akiingiza diski aliyokuwa nayo nyumbani. Mwaka 1998 orodha hiyo iliuzwa, na kufikia mwaka 2000 ilikuwa mali ya kampuni iitwayo Gracenote, yenye leseni na masharti yake. Waliojaza orodha kwa mikono yao walijikuta nje ya mlango.

MusicBrainz ilizaliwa kutokana na manung'uniko hayo. Robert Kaye aliianzisha ili iwe hifadhidata isiyoweza kuuzwa na mtu yeyote. Tangu mwaka 2004 inatunzwa na shirika lisilo la faida, MetaBrainz Foundation, lililoandikishwa California, na data yake ya msingi imeachwa wazi kwa umma bila haki ya mmiliki. Kila msanii, kila toleo na kila rekodi hupewa kitambulisho cha alama 36 ambacho hakibadiliki hata jina likisahihishwa. Badiliko lolote kubwa hupigiwa kura na wahariri wa kujitolea, na kwa kawaida husubiri hadi siku 7 kabla ya kukubaliwa.

Sehemu kubwa ya ufundi wa nyumba hii imepitia mikononi mwa wanafunzi. Google Summer of Code, mpango ulioanza mwaka 2005, hulipa posho kwa vijana wanaoandika programu huria kwa muda wa miezi michache chini ya usimamizi wa mlezi kutoka shirika lililowachagua. Hadi mwaka 2021 mpango uliwahusu wanafunzi peke yao. Tangu 2022 umefunguliwa kwa wanagenzi wengine waliotimiza miaka 18. MetaBrainz ni miongoni mwa mashirika yaliyopokea vijana hao kwa miaka mingi. Mwombaji huandika pendekezo: tatizo ni lipi, atalitatua vipi, wiki ya kwanza atafanya nini na ya mwisho atakabidhi nini. Wanaofaulu, kwa kawaida, ni wale waliokwisha kurekebisha kasoro ndogo mbili tatu kabla ya kuomba, na ambao walezi wao tayari wanawafahamu.

Matunda ya kazi hizo hayalingani. CritiqueBrainz, mahali pa kuhifadhi tahakiki za muziki, ilitokana na mradi wa mwanafunzi wa mwaka 2013. Mwaka 2014 mwanafunzi mwingine alishughulikia jambo lisiloonekana na msomaji lakini linalomsumbua kila siku: faharasa ya utafutaji. Kwa mtindo wa zamani, faharasa ilijengwa upya kila baada ya saa kadhaa, hivyo jina lililosahihishwa asubuhi halikupatikana mara moja. Programu yake iliiwezesha faharasa kufuata mabadiliko ya hifadhidata kadiri yanavyotokea. Hata hivyo, mfumo mpya wa utafutaji ulioihitaji haukuanza kutumika mpaka mwaka 2018. Posho ilikuwa ya miezi mitatu. Kazi ilikuwa ya miaka minne. Anayedhani kwamba mradi wa mwanafunzi humalizika siku ya kukabidhi ripoti na autafakari mfano huo.

Upo pia upande wa kushindwa. AcousticBrainz, iliyoanzishwa mwaka 2014 pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra huko Barcelona, ilikusanya vipimo vya sauti kutoka kwa watumiaji ili mashine ikisie mwendo wa wimbo, aina yake, hata hali ya moyo iliyomo. Wanafunzi kadhaa waliitumikia. Mwaka 2022 ukusanyaji ulisimamishwa, wasimamizi wakikiri kwamba ubora wa matokeo haukutosha. Kukisia aina ya muziki kwa vipimo peke yake kulikuwa kugumu kuliko ilivyotarajiwa.

Je, mashine inajua nini basi? Inajua sauti, na inaijua vizuri. Chromaprint, kanuni iliyotungwa na Lukáš Lalinský kwa ajili ya huduma ya AcoustID, hutengeneza kitu kinachofananishwa na alama ya kidole. Sauti hupunguzwa hadi vipimo 11,025 kwa sekunde, kisha hukatwa vipande vya takriban theluthi moja ya sekunde vinavyopandiana. Katika kila kipande nguvu ya sauti hugawanywa katika noti 12 za muziki, bila kujali ni noti ya juu au ya chini. Mfuatano huo huwa kama picha yenye weusi na weupe, na picha hiyo hufupishwa kuwa msururu wa namba. Kwa kawaida dakika 2 za mwanzo zinatosha. Faili isiyo na jina inaweza kutambuliwa hivyo, hata kama imenakiliwa kwa ubora wa chini, mradi mtu fulani aliwahi kuiandikisha rekodi hiyo na kuipa jina.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalowahusu wasemaji wa Kiswahili. Mfano wa karibu ni Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko akipiga Masanga, wimbo uliomtangulia mwenyewe kufika Ulaya. Mwenda aliurekodi tena katika miaka ya baadaye, na wapiga gitaa wengine wameupiga. Alama ya kidole ya rekodi ya 1952 haifanani na ya rekodi nyingine yoyote, kwa sababu kidole ni cha rekodi, si cha wimbo. Kwa sikio la mashine, hizo ni sauti zisizojuana. Katika MusicBrainz undugu wao huonekana pale tu mhariri anapoandika kwamba rekodi hizi zote ni za utunzi mmoja. Tofauti hii ya rekodi, toleo na utunzi iliimarishwa katika muundo mpya wa hifadhidata mwaka 2011, nayo ni msaada mkubwa kwa muziki wa Katanga, ambao wimbo wake huishi kwa kurudiwarudiwa.

Jina la msanii nalo lina historia yake. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilipiga marufuku majina ya Kikristo. Mtu aliyejulikana kwa santuri za miaka ya 1950 kama Jean Bosco yumo katika albamu iliyotolewa Marekani na Rounder mwaka 1994 kama Mwenda wa Bayeke. Wapo wanaoanza na Jean Bosco, wapo wanaoanza na Mwenda. Hifadhidata ina nafasi ya majina ya ziada kwa msanii mmoja, na nafasi nyingine ya jina la kupangia orodha. Lakini programu haiwezi kuamua kwamba «Mwenda» ndilo la kutangulizwa. Asiyejua historia hiyo atamgawa mtu mmoja kuwa wawili, na mitambo yote inayosoma data hiyo itarithi kosa lake.

Hapa ndipo mwanafunzi wa isimu anapokutana na mwanafunzi wa kompyuta. Programu nyingi za utafutaji zimezoea lugha ambazo maneno yake hubadilika mwishoni. Kiswahili hubadilika zaidi mwanzoni: anayetafuta «mtoto» hatapata «watoto» ikiwa mashine inajua kukata viambishi tamati tu. Lubumbashi huongeza ugumu, kwani kwenye lebo ya santuri neno hilo laweza kuwa «batoto». Tena mwandishi aliyesomeshwa Kifaransa aweza kuandika «ou» penye «u», na «tsh» penye «ch». Kutunga kanuni zinazounganisha maumbo hayo bila kuyachanganya maneno yasiyohusiana ni mradi unaotosha miezi mitatu, na hauwezi kuandikwa na mtu asiyejua ngeli.

Swali la lugha yenyewe haliko mbali. Orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, ISO 639-3, ina «swa» kwa Kiswahili kwa jumla, «swh» kwa Kiswahili cha pwani na sanifu, na «swc» kwa Kiswahili cha Kongo. Wimbo uliorekodiwa Likasi mwaka 1952 ungeandikwa upi? Wapo watakaosema «swc» bila kusita. Lakini wanamuziki wa Katanga walisafiri. Edouard Masengo, jamaa yake Mwenda, aliishi na kurekodi Nairobi, na maneno ya nyimbo za namna hiyo yanapaswa kusikilizwa moja baada ya jingine, kiambishi kwa kiambishi, kabla msimbo haujajazwa. Kazi hiyo haihitaji kuchaguliwa na Google wala kujua programu: akaunti ya mhariri hufunguliwa bure, na maelezo ya sababu huandikwa chini ya badiliko, mahali ambapo wahariri wengine wanaweza kuyapinga.