Sahani Gizani

Mwaka 1997, katikati ya jiji la Austin, Texas, Tim League na mkewe Karrie walifungua ukumbi mmoja wa sinema ndani ya jengo lililokuwa la kuegesha magari. Kabla ya hapo walishajaribu kuendesha sinema huko Bakersfield, California, ikawashinda. Safari hii waliweka meza nyembamba mbele ya kila safu ya viti, na jiko wakaliweka pembeni. Mtazamaji aliketi, akaandika anachotaka kwenye karatasi, na chakula kikamfuata alipo huku filamu ikiendelea. Ukumbi wakauita Alamo Drafthouse.

Hawakuwa wa kwanza. Kule Portland, Oregon, ndugu wa ukoo wa McMenamin walikuwa wakiuza bia na chakula katika ukumbi wa Mission tangu 1987, na mwaka 1991 wakafanya vivyo hivyo katika Bagdad, jumba la fahari lililofunguliwa mwaka 1927. Lakini Alamo ndiyo iliyoufanya mlo wa kitini kuwa biashara yenye kanuni zake, na ndiyo tutakayoifuata zaidi katika sura hii.

Kwanza tuanze na fedha, maana bila fedha jiko lisingejengwa. Tiketi peke yake hailishi ukumbi wa sinema. Nchini Marekani, takriban nusu ya bei ya tiketi huenda kwa kampuni iliyotoa filamu, na kwa filamu kubwa, hasa wiki zake za mwanzo, fungu hilo hupanda zaidi. Kinachobaki ndicho kilipe pango, umeme, mitambo na mishahara. Ndiyo maana mwenye ukumbi anaijali kaunta ya bisi kuliko dirisha la tiketi. Mahindi, mafuta na chumvi vina faida ambayo mgahawa wowote ungeitamani: hesabu za mwaka za AMC, kampuni kubwa kuliko zote za sinema nchini humo, zinaonyesha kuwa vyakula na vinywaji vyenyewe huigharimu chini ya moja ya tano ya mapato yanayotokana na kuviuza.

Ila mtu akishanunua bisi na soda, amemaliza. Chakula cha jioni na bia mbili ni fedha nyingine kabisa, tena ni fedha ambayo mtazamaji angeitoa vyovyote vile, kabla ya filamu au baada yake, katika mgahawa wa jirani. League aliitaka fedha hiyo ibaki ndani ya jengo lake.

Gharama yake si ndogo. Ili kupata nafasi ya meza na njia ya mhudumu, ukumbi wa kawaida ukigeuzwa huondolewa karibu safu moja ya viti katika kila mbili. Viungo vya chakula cha mgahawa humeza kama asilimia 30 ya bei yake, na bado kuna wapishi, wahudumu, waosha vyombo na sahani zinazovunjika. Mwenye ukumbi anakubali watu wachache kwa sharti kwamba kila mmoja atoe zaidi. Siku ambazo filamu ni mbovu na viti ni vitupu, jiko linawaka vilevile.

Ugumu mkubwa kuliko wote uko hapo jikoni. Mgahawa wa kawaida hulisha watu kwa zamu: meza moja hufika saa moja, nyingine saa moja na nusu, na mpishi anapata kupumua. Jiko la sinema ni pishi la harusi: wageni wote wameketi kwa wakati mmoja, wote wana njaa. Tofauti ni kwamba harusini watu wote wanakula pilau ileile, ilhali hapa mmoja kataka baga isiyo na kitunguu, wa pembeni yake kataka piza, na wa tatu saladi na glasi ya mvinyo.

Chukua mfano wa jumba lenye kumbi sita za viti 100 kila mmoja. Filamu zote zikianza saa moja kamili usiku, mamia ya oda yatamwagika jikoni ndani ya nusu saa, kisha wapishi watakaa wakitazamana. Kwa hiyo ratiba inapangwa kwa kulitazama jiko: ukumbi wa kwanza saa 12:30 jioni, wa pili 12:50, wa tatu saa 1:15, na kuendelea. Hiyo ndiyo sababu saa za kuanza filamu katika majumba haya huwa za kukatika-katika namna ile. Alamo pia huwahimiza wateja wafike nusu saa mapema, na huwavuta kwa vipande vya video za zamani vilivyochaguliwa kulingana na filamu ya siku hiyo. Watu wanafika, wanacheka, wanaagiza. Filamu inapoanza, oda nyingi zimeshaingia.

Na zinazokuja baadaye? Kwa miaka mingi, hapo ndipo kipande cha karatasi kilipofanya kazi yake. Uliandika oda kwa penseli au kalamu, kisha ukaisimamisha karatasi ukingoni mwa meza. Mhudumu alipita mbele ya safu yenu, kwenye njia iliyo chini kidogo ya usawa wa meza, ameinama ili kichwa chake kisikate picha. Aliiona ile karatasi nyeupe, akaichukua, akaisoma kwa mwanga hafifu na kuondoka bila kuuliza neno. Taa ndogo za mezani humulika chini, si usoni mwa mtu. Kumbi nyingine zimechagua kitufe cha kumwita mhudumu, na nyingi sasa zinamtaka mteja aagize kwa simu yake. Simu inapunguza gharama, hilo halina ubishi. Lakini mwanga wake ndio uleule ambao kumbi hizi zilitumia miaka mingi kuupiga vita, na sioni vipi mteja atakatazwa kuishika simu na papo hapo aambiwe aitumie kuagiza chipsi.

Menyu nayo inatawaliwa na giza. Chakula kizuri cha ukumbini ni kile ambacho mkono unakipata bila msaada wa jicho: piza iliyokwishakatwa, baga, vipande vya kuku, chipsi. Supu ni hatari. Nyama ya kukatwa kwa kisu inahitaji mwanga, na kisu kikigonga sahani sauti yake inafika safu ya mwisho. Chakula chenye harufu kali kinawalazimisha watu 100 kushiriki mlo wa mmoja. Hapo ndipo penye ubunifu mzuri pia: Alamo ilijijengea jina kwa karamu zilizoshikana na filamu zenyewe, kama tambi zilizoandaliwa pamoja na filamu za kauboi za Kiitaliano, au milo ya wahobiti iliyoletwa kwa kufuata wahusika wa *The Lord of the Rings* wanavyokula siku nzima.

Wako wanaosema chakula na filamu havikai pamoja, kwamba kutafuna ni kumvunjia heshima aliyeitengeneza filamu. Nawaelewa, lakini ukiitazama Alamo kwa makini unakuta nyumba iliyoleta sahani ndiyo iliyokuwa kali kuliko nyumba nyingi katika suala la utulivu. Anayeongea au kuchezea simu huonywa mara moja. Akirudia anatolewa, na fedha yake harudishiwi. Mwaka 2011 mteja mmoja aliyetolewa kwa sababu ya simu aliacha ujumbe wa sauti uliojaa matusi. Ukumbi uliugeuza kuwa onyo la kuonyeshwa kabla ya filamu, na ukasambaa sana kwenye intaneti. Ukali huo hauwezi kutenganishwa na jiko. Ukishakubali wahudumu wapite gizani, usumbufu unaovumilika umeshatumika wote. Haukubaki hata kidogo wa kumpa mtu mwenye simu.

Mwiba ambao haujang'oka ni bili. Watu wote huondoka kwa pamoja, kwa hiyo haiwezekani kuwadai mlangoni. Bili inabidi ifike mezani filamu ikikaribia mwisho, yaani pale mwandishi wa filamu alipokusanya nguvu zake zote. Mhusika anakata roho, na wewe unatafuta kadi ya benki. Kumbi zinazochukua malipo wakati wa kuagiza zimeukwepa mwiba huu, na hapo nakiri simu ina faida.

Sheria nayo ilikuwa kikwazo. Jimbo la New York lilikuwa na katazo la muda mrefu dhidi ya kuuza pombe ndani ya kumbi za sinema. Ukumbi wa Nitehawk wa Brooklyn ulipigania mabadiliko, na mwaka 2011 sheria ikalegezwa kwa kumbi zinazotoa mlo kamili. Kisha ikaja korona. Biashara inayotegemea watu kukaa karibu karibu, ndani, wakiwa wamevua barakoa ili wale, haikuwa na pa kujificha. Studio Movie Grill ya Texas iliomba ulinzi wa kufilisika Oktoba 2020, Alamo ikafuata Machi 2021. Alamo ilinusurika chini ya wamiliki wapya, na Juni 2024 ikanunuliwa na Sony Pictures ikiwa na majumba 35. Ununuzi huo ulikuwa mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1948 uliyalazimisha makampuni makubwa ya filamu kuachana na kumbi zao, na masharti yake yalifutwa mwaka 2020 tu.

Nani anaubeba mfumo huu mgongoni? Ni yule anayepita ameinama. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, ilimradi bakshishi ifikishe mapato yake kwenye kima cha chini cha kawaida. Majimbo mengi yamepandisha kiwango hicho. Texas haikufanya hivyo. Mhudumu wa sinema hana hata nafasi ya kuchangamkia wateja ili wamtunze, kwa sababu kazi yake ni kutoonekana. Mwaka 2023 wafanyakazi wa Alamo jijini New York walipiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi. Mtu yeyote aliyeketi katika ukumbi uliojaa, wahudumu wakiwa wawili, akaiona karatasi yake imesimama ukingoni mwa meza hadi filamu ikafika katikati, anajua idadi ya watu kwenye zamu inamhusu na yeye mlaji.