Mjumbe wa Joto: Utambuzi wa Ubovu wa Sensa ya Halijoto katika Injini ya Gari

Mintarafu ya ufundi wa magari, Kiswahili kinachosemwa katika gereji za Nakuru kina utajiri ambao aghalabu wanaisimu hawauzingatii. Rejeta, plagi, feni na gasketi ni maneno yaliyokwisha kupata uraia. Hata hivyo, kuna kifaa kimoja kidogo, cha ukubwa wa kidole gumba, ambacho jina lake halijatulia, na kutotulia huko kunawagharimu wenye magari. Kazi yake ni kuipasha kompyuta ya gari habari za halijoto ya maji ya injini. Wapo wanaokiita sensa, wapo wanaokiita kipimajoto, na wapo wanaokichanganya na thamostati, ambayo haipimi chochote kwa ajili ya kompyuta. Ni mlango wa maji unaofunguka yanapopata moto. Anayechanganya majina huishia kununua kifaa kisichokuwa na kosa. Makala haya yanatumia "sensa ya halijoto", kwa kuwa neno "joto" peke yake halitenganishi nishati na kiwango chake.

Ndani ya sensa mna kipande cha nusukipitishi ambacho ukinzani wake hupungua kadiri halijoto inavyopanda. Kompyuta hukipelekea volti 5 na kusoma kiasi kinachosalia: volti nyingi ni ishara ya maji baridi, chache ni ishara ya maji moto. Katika magari mengi ya Toyota, ukinzani huwa kati ya omu 2,000 na 3,000 maji yakiwa nyuzi 20 za selsiasi, na kati ya omu 200 na 400 yanapofika nyuzi 80. Kwa habari hizo kompyuta huamua kiasi cha petroli, wakati wa cheche na, katika magari mengi, saa ya kuwasha feni.

Sensa inayodanganya kuwa injini ni baridi huifanya kompyuta imwage petroli kupita kiasi. Moshi huwa mweusi, plagi hushika masizi, na gari lililozimwa likiwa moto hukataa kuwaka. Inayodanganya kuwa injini imepata moto huleta kinyume chake: asubuhi ya baridi kali kule Molo, gari huzungushwa mpaka betri ichoke. Hatari kubwa zaidi ni feni kutowashwa. Gari linalopanda polepole nyuma ya malori kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit halipati upepo wa kutosha. Feni ikilala, gasketi huungua na kichwa cha injini hupinda. Hapo gharama haiwezi tena kulinganishwa na bei ya sensa.

Utambuzi huanza kwa macho. Injini ikiwa imepoa kabisa, kiwango cha maji kitazamwe, kwani sensa iliyozungukwa na hewa badala ya maji haiwezi kusema kweli. Plagi ya nyaya zake ichunguzwe kama ina kutu. Ikumbukwe pia kwamba magari mengi ya zamani yana vifaa viwili: chenye waya mmoja huendesha mshale wa dashibodi, na chenye nyaya mbili huzungumza na kompyuta. Mshale kutulia katikati hauthibitishi uzima wa kile cha pili.

Kisha mashine ya kusomea kompyuta iunganishwe asubuhi, kabla ya kuwasha injini. Halijoto inayoonyeshwa inapaswa kukaribiana na ile ya hewa. Usomaji wa nyuzi 40 chini ya sifuri haujawahi kuwa hali ya hewa ya Nakuru. Huo ni waya uliokatika, na mara nyingi huandamana na msimbo P0118. Msimbo P0117 huashiria kinyume, yaani volti zimeshuka mno, kama nyaya zinapogusana. Plagi ya sensa ikichomolewa, usomaji ushuke hadi baridi ya mwisho. Nyaya mbili zikiunganishwa, upande hadi moto wa mwisho. Yakitokea yote mawili, nyaya na kompyuta ni salama, na lawama huelekea kwa sensa. Yasipotokea, kununua sensa mpya ni kutupa fedha.

Jaribio la kuchemsha sensa katika sufuria linahitaji tahadhari ya kijiografia. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko karibu na nyuzi 94, si 100 kama Mombasa. Fundi anayekadiria kwa mapovu atapata ukinzani mkubwa kuliko alioutarajia, na huenda akaihukumu sensa nzima. Kipimajoto halisi kitumike.

Mjumbe hauawi, walisema wahenga, na baadhi ya sensa hutupwa kwa kusema kweli. Thamostati ikikwama wazi, maji hubaki baridi hasa, hususan gari linapoteremka, na sensa huripoti hivyo hivyo. Bomba la juu la rejeta likianza kupata joto mara tu injini iwashwapo, thamostati ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Ikithibitika kuwa sensa imeharibika, ibadilishwe injini ikiwa imepoa. Kifuniko cha rejeta kamwe kisifunguliwe kikiwa moto. Maji yaongezwe, hewa itolewe, msimbo ufutwe, na usomaji urudiwe asubuhi inayofuata, injini ikiwa imelala usiku kucha.