Ruta Inayokatikakatika

Siku hizi hata huku Nachingwea na Ruangwa zimo nyumba zenye ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti hewani. Mara inashika, mara inakatika, na mtoto yumo katikati ya kujaza maombi ya mkopo wa chuo. Usikimbilie kutoa fedha ya korosho ununue nyingine.

Keti kwanza karibu nayo na simu yako. Ikiwa hapo haikatiki, ila chumba cha pili inakatika, basi ruta ni nzima. Kosa ni mahali ilipo. Mawimbi yake hayapenyi bati wala kabati la chuma, na ukuta mnene huyapunguza. Iweke juu, katikati ya nyumba. Lakini ile yenye laini ya simu ndani huvuta kutoka mnarani. Hiyo ikae dirishani, upande wa mnara.

Ikikatika hata ukiwa karibu, tazama taa zake. Zikizimika zote na kuwaka tena, ni umeme: chaja imelegea, au si yake. Ruta ya volti 12 kuipa chaja ya volti 9, nimeona watu wakifanya hivyo! Tena, mama, kiondoe kile kitambaa cha kufuma ulichoifunika, joto huisumbua.

Taa zikiwaka vyema na bado hupati kitu, muulize jirani. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Waliofungua ruta zao siku ile walijisumbua bure.